Makupa: Darasa la Baada ya Alasiri

Ukivuka daraja la Makupa kutoka upande wa Changamwe, kisiwa cha Mombasa hukupokea kwa kelele. Malori ya bandarini, matatu za Mikindani na Miritini, tuktuk zinazojipenyeza na wachuuzi wa njugu na maji baridi, wote hugombea mzunguko mmoja wa barabara. Daraja lenyewe ni jipya. Lilifunguliwa mwaka 2022 kuchukua nafasi ya tuta la zamani lililozuia maji ya bahari yasipite kutoka hori moja hadi nyingine. Karibu na hapo ni Kibarani, palipokuwa jaa kubwa la taka la mji kabla ya kufungwa na kuanza kupandwa miti na nyasi. Miongoni mwa waliokuwa wakichakura jaa hilo wakitafuta vyuma chakavu, chupa na mabaki ya chakula, walikuwamo watoto.

Jaa limeondolewa, ufukara umebaki. Hata hivyo, wengi wa watoto wanaozurura Makupa, Majengo na Tononoka jioni si watoto wasio na shule. Majina yao yamo kwenye rejista. Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika madarasani kote Kenya. Mlango ulifunguliwa. Kilichofuata kikawa kigumu zaidi: darasa la wanafunzi 70 au 80 kwa mwalimu mmoja, kitabu kimoja kinachosomwa na watatu, na nyumba ya chumba kimoja ambamo hakuna pembe ya kufanyia kazi ya ziada.

Matokeo yake yalipimwa, na waliopima walikuwa watu wa kujitolea. Kuanzia mwaka 2009 mpango wa Uwezo, ulioiga mfano wa India, uliwatuma raia wa kawaida nyumba kwa nyumba katika Kenya, Tanzania na Uganda wakiwa na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kila mtoto aliombwa aisome. Nchini Kenya, tathmini za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, waliomudu hadithi hiyo walikuwa takriban 3 tu. Kwenda shule na kujua kusoma, ikabainika, ni mambo mawili.

Nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayojazwa na mtu anayejitolea: kaka aliyemaliza kidato cha nne akisubiri kazi, mwalimu mstaafu, mama aliye na saa mbili baada ya alasiri, mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni. Kazi hiyo haikuanza jana Mombasa, na mji huu una mfano wake unaostahili kusimuliwa kwa kirefu.

Bi Swafiya na nasari ya Liwatoni

Pwani imezoea kumsomesha mtoto wa mwenzio. Katika vyuo vya Qur'ani vya Mji wa Kale, vizazi kwa vizazi, mwalimu aliwafundisha watoto wa mtaa na kupokea alichojaliwa mzazi. Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitumia magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, kuwahimiza Waislamu wa Pwani wasomeshe watoto wao, wa kike kwa wa kiume. Miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili, michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora ilisaidia kujenga chuo cha ufundi cha Waislamu pale Tudor, jirani na Makupa. Leo chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Lakini mwaka 1982 watoto wengi wa Pwani walikuwa bado wanaachwa nyuma. Viongozi wa Waislamu wa Mombasa walimweleza Aga Khan wa Nne kilio hicho, na wakfu wake ukamkabidhi kazi ya kutafuta chanzo mwalimu mzoefu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Wazo la awali lilikuwa kutumia madrasa kuwasaidia wanafunzi wa shule za msingi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba maji yalikuwa yamezidi unga mapema zaidi. Mtoto alifika darasa la kwanza bila kupitia nasari, akashindana na wenzake waliokwisha kuzoea kalamu, rangi na vitabu vya picha. Nasari zilikuwapo mjini, ila ada yake ilizishinda familia nyingi, na wazazi wengine walihofu kwamba humo mtoto angepoteza dini na mila zake.

Bi Swafiya hakuwaambia wazazi wachague. Aliunganisha. Mwaka 1986 nasari ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa Liwatoni, kisiwani Mombasa, ndani ya mazingira ya madrasa. Asubuhi moja ilibeba vyote: sura za Qur'ani, hesabu, hadithi, nyimbo, kuchora na mchezo. Vifaa havikuagizwa kutoka ng'ambo. Vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, makopo, kamba, mbegu na vitambaa vya cherehani vilisafishwa, vikapakwa rangi na kupangwa kwenye kona za darasa. Mtoto alichagua kona, akafanya kazi yake, kisha akaulizwa mbele ya wenzake amefanya nini. Swali hilo dogo lina uzito, kwa sababu mtoto anayezoea kueleza alichokitenda anajifunza kufikiri kwa mpango na kusema bila woga.

Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo. Wengi hawakuwa na vyeti vikubwa. Walifunzwa kazini, wakatembelewa darasani mara kwa mara na wakufunzi, wakasahihishwa na kurudi tena. Juu yao palikuwa na kamati ya wazazi, wanawake wakiwamo, ambayo haikulipwa. Kamati hiyo ndiyo iliyotafuta chumba, ikakusanya ada ndogo na kuamua nani asamehewe.

Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na kwa jumla ukasaidia jamii zaidi ya 200 katika nchi tatu kuanzisha nasari zake. Mwaka 2008 mtafiti Peter Mwaura na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti uliolinganisha makundi matatu: watoto wa nasari hizi, watoto wa nasari nyingine na watoto waliobaki nyumbani. Waliopitia nasari ya aina yoyote walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani, na waliopiga hatua ndefu zaidi ni wale wa nasari za madrasa.

Walimu wasio na vyeti vikubwa waliwezaje? Jibu halimo katika huruma peke yake. Walikuwa na mafunzo yasiyokatika, kamati inayowajua, na shule ambayo mtaa uliiona kuwa mali yake. Mambo hayo matatu yanafaa kuwa kipimo cha kila anayetaka kujitolea Makupa leo.

Mizani, matwari na jukwaa

Nyimbo zilikuwa sehemu ya asubuhi ya Liwatoni, lakini wapo wanaouliza: mtoto hajui kusoma, wewe unamfundisha kuimba? Swali ni la haki, na linajibiwa na lugha yenyewe. Kusoma Kiswahili huanza na silabi. Shairi la Kiswahili nalo hupimwa kwa silabi, ambazo washairi huziita mizani. Mshororo wa kawaida wa shairi la tarbia una mizani 16, nane kila kipande. Mtoto anayekariri beti huku akipiga makofi kwa kila mizani anakata maneno katika silabi hata kabla hajajua kuziandika. Anapofika ubaoni na kuona "ma" na "ku" na "pa", sikio limeshamtangulia. Mombasa, mji wa Muyaka bin Haji na wa malenga wengi waliomfuata, haihitaji kuagiza mbinu hiyo kwingine.

Anayejitolea katika mitaa hii pia hana budi kujua mahali pa kukanyaga. Si kila mzazi atafurahi kuona binti yake akifundishwa dansi. Lakini mzazi huyo huyo humvalisha bintiye vizuri kwenda kughani kaswida, na hutoka kwenda kutazama zefe la Maulidi likipita kwa matwari. Kaswida, ngonjera, hadithi, hati za Kiarabu na nakshi za milango ya Mji wa Kale ni sanaa kamili. Zinafundisha kukariri, kupokezana sauti, kupima na kuchora maumbo yanayolingana. Mwalimu anayeanzia hapo hufunguliwa milango ambayo mwenye gitaa angeikuta imefungwa.

Kisha kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema akiulizwa ana kwa ana, lakini anaweza kuyaigiza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililionyesha hilo vizuri. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, wote wataalamu wa sanaa za maonyesho, waliongoza mradi wa Tuseme katika shule za sekondari za Tanzania. Wasichana hawakupewa igizo la kukariri. Walianza kwa kuchunguza wenyewe kinachowakwamisha shuleni, wakakichambua, wakakigeuza mchezo, wakauigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wote wakajadili hatua za kuchukua. Msichana ambaye hangethubutu kumshtaki anayemsumbua aliweza kumwigiza, na ukumbi mzima ukamtambua. Shirika la FAWE, linalotetea elimu ya wasichana barani Afrika, baadaye liliupeleka mtindo huo katika nchi nyingine nyingi.

Mombasa nayo ina historia yake ya jukwaa la mtaani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwigizaji Mwingereza Nick Reding alianzisha hapa S.A.F.E. Kenya, kikundi cha waigizaji Wakenya waliopeleka michezo kuhusu Ukimwi viwanjani na sokoni, bila kiingilio. Kazi yao ilipanuka. Mwaka 2015 walitoa filamu ya Watatu, inayohusu vijana wa Mombasa na mvuto wa itikadi kali. Suala hilo lilikuwa bichi Majengo, ambako Februari 2014 polisi walivamia Msikiti Musa na vijana wengi wakakamatwa. Mada kama hiyo, ikiletwa kwa hotuba, hufunga vinywa. Ikiletwa kwa mchezo, watazamaji hubishana kuhusu mhusika, na kwa kupitia mhusika husema ya nyumbani kwao.

Upande wa muziki, mfano unaotajwa sana umetoka jirani na jaa jingine. Mwishoni mwa muongo wa 2000, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, unaopakana na jaa la Dandora. Watoto wachache walianza kufundishwa fidla, tarumbeta na kusoma nota. Wakakua na kuwa okestra, na mradi ukafika hadi Mombasa. Wazo hilo lina undugu na lile la José Antonio Abreu wa Venezuela, aliyeanza mwaka 1975 kukusanya watoto katika okestra za vijana. Siri ya Ghetto Classics imo katika mpangilio wake: mwanafunzi aliyetangulia hurudi kumfundisha anayeanza, hivyo idadi ya walimu hukua pamoja na ya wanafunzi.

Kisiwani Mombasa nafasi za kufanyia kazi kama hizo zipo. Karibu na Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, kuna Swahilipot Hub, kituo kilichoanzishwa na Mahmoud Noor ambako vijana wa teknolojia na wa sanaa hukutana ukingoni mwa bahari. Barabara ya Mnazi Mmoja ina Little Theatre Club, ukumbi wa maigizo uliodumu tangu zama za ukoloni. Tononoka ina ukumbi wa jamii. Toka Makupa hadi popote kati ya sehemu hizo, nauli ya tuktuk ni ndogo kwa mtu mzima. Kwa mtoto ambaye mamake hupima unga kwa kikombe, nauli hiyo ni kikwazo tosha. Ndiyo maana vikundi vinavyofaulu huyafuata maskani ya watoto badala ya kuwasubiri ukumbini.

Wema unaoumiza

Habari za kujitolea huwa na picha nzuri: kijana mgeni, watoto kumi, tabasamu. Pwani ya Kenya imeona picha hizo nyingi, kwa kuwa watalii wa fukwe za kaskazini na kusini mwa Mombasa wamekuwa wakialikwa kwa miaka mingi kutembelea makao ya watoto. Baadhi ya makao yamefanya kazi ya maana. Kituo cha Wema kule Bamburi, kilichoanzishwa na Lucy Yinda mwaka 1993, kiliwaokoa na kuwasomesha wasichana waliokuwa wakiishi mitaani. Lakini idadi ya makao iliongezeka kuliko uwezo wa kuyakagua, na ikagunduliwa kwamba watoto wengi waliomo wana mzazi au jamaa aliye hai. Kilichowapeleka kule ni umaskini. Pale ambapo mfadhili huja akiona watoto wengi, panazuka sababu ya kuwashikilia watoto hao wasirudi kwao.

Mwezi Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililogusia madhara ya watu kujitolea katika makao ya yatima. Mwaka 2022 Kenya ikapata Sheria mpya ya Watoto pamoja na mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kutoka kwenye makao hadi kwenye familia, kwa ndugu au kwa walezi wa kambo.

Mabadiliko hayo yanageuza kazi ya anayejitolea. Mtoto akirudi kwa nyanyake Majengo, hatahitaji mgeni wa wiki mbili wa kumbeba na kupigwa naye picha. Atahitaji mtu wa kusoma naye Jumanne na Alhamisi, mwaka huu na mwaka ujao, na nyanya atahitaji kujua mtu huyo ni nani. Mtoto aliyewahi kuachwa huumia upya kila rafiki mpya anapopanda ndege. Wataalamu wa malezi wamelisema hilo kwa muda mrefu, na walimu wa mitaani wanalijua kwa macho.

Anayetaka kuanza

Hatua ya kwanza ni kwenda mahali ambapo tayari pana kazi: shule ya msingi ya jirani, madrasa, kanisa, kikundi cha vijana cha mtaa. Mwalimu mkuu ndiye anayejua ni watoto gani wa gredi ya nne bado hawasomi, na ni nani hawezi kuingia kwenye kwaya kwa kukosa sare. Kuanzisha shirika jipya lenye jina na nembo, wakati pembeni pana kamati iliyochoka inayohitaji watu wawili tu, mara nyingi ni kupoteza nguvu.

Pili ni usalama wa mtoto. Mtu mzima anayetaka kukaa na watoto aombe cheti cha tabia njema kutoka kwa Idara ya Upelelezi, ambacho huombwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen. Asikae na mtoto mmoja chumba kilichofungwa. Baraza iliyo wazi au darasa lenye watu wawili wazima linatosha. Picha za watoto zisitumwe mitandaoni bila idhini ya mzazi, na hata kwa idhini, pasitajwe jina na shule pamoja. Anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa apige simu 116, nambari ya bure ya msaada kwa watoto nchini Kenya, au amwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Maafisa hao nao huwategemea wakazi wa kujitolea wanaofuatilia mambo ya watoto mitaani bila mshahara. Mgeni kutoka nje ya nchi akumbuke pia kwamba kazi ya kujitolea huhitaji kibali cha uhamiaji hata kama hailipwi.

Tatu ni ratiba, na hapa wengi hushindwa. Saa moja, siku mbili kwa wiki, kwa muhula mzima, inamfaa mtoto kuliko tamasha la siku nzima lenye fulana na keki. Saa hiyo inaweza kugawika hivi: dakika 10 za wimbo au ubeti wa kupiga mizani, dakika 20 za kusoma katika vikundi vidogo kulingana na uwezo wa mtoto badala ya umri wake, dakika 20 za kuchora au kuigiza kilichosomwa, na 10 za kila mtoto kusema amefanya nini. Iwe baada ya alasiri, mradi isigongane na chuo cha Qur'ani, na iishe kabla ya magharibi ili watoto wafike kwao mapema. Uji au viazi karai vikiwapo, mahudhurio huongezeka, kwa kuwa baadhi yao hawajala tangu asubuhi.

Gharama yake si kubwa: karatasi, kalamu za rangi, chaki, vitabu vya hadithi vichache na makopo ya kutosha. Mzigo mkubwa ni muda wa watu. Kikundi cha watu sita wanaopokezana hustahimili zaidi ya mtu mmoja mwenye ari, ambaye akipata kazi Nairobi darasa hufungwa.

Kuna sababu nyingine ya kuiharakisha kazi hii. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya wamo gredi ya 10 katika shule ya upili, ambako huchagua mmoja kati ya mikondo mitatu, na mmojawapo ni sanaa na sayansi ya michezo. Mchoro, muziki na maigizo, ambavyo kwa wengi vilikuwa mambo ya tamasha na siku ya wazazi, sasa ni njia rasmi ya masomo. Mtoto wa shule ya kulipia aliyewahi kushika kinanda na brashi ataijongelea njia hiyo akiwa na miaka kadhaa ya mazoezi. Yule wa Makupa ataijongelea na alichopewa na shule yake ya umma, ambayo huenda haina chombo hata kimoja cha muziki, pamoja na chochote alichofundishwa barazani na jirani kati ya alasiri na magharibi.